Maua ya kunukia ya kufunika ardhi kivulini, Dodoma: kipi ununue na kipi uachane nacho

Hii naiandika kwa mtu mwenye mwarobaini uani, na Dodoma hapa huyo ni karibu kila mtu. Chini ya mti kuna kivuli kizuri kabisa ila ardhi ni vumbi jekundu na majani makavu yanayofagiwa kila asubuhi, na wewe unataka pale pafunike kijani, mvua za kwanza zikigonga pachanue, halafu jioni ukitoa kiti chako cha plastiki ukae upate harufu. Nimehangaika na hilo jambo misimu minne sasa hapa Nkuhungu, nimetupa hela, nimepata vitu viwili vitatu vinavyofanya kazi, ndo nakupangia hapa kuanzia cha kununua kwanza mpaka cha kukimbia.

Nianze na cha kukimbia maana ndo kinachokula hela za watu. Ukiingia Pinterest ukatafuta maua ya kivulini yanayonukia utaletewa bustani za Ulaya, zulia la kijani chini ya miti na vimaua vyeupe kama vikengele. Hiyo ni Convallaria majalis, Wafaransa wanapeana kila tarehe 1 Mei, na kweli inanukia. Ingine ni Galium odoratum, yenye majani kama nyota, ambayo harufu yake inatoka vizuri majani yakishaanza kukauka, inakuwa kama nyasi zilizokatwa jana, Wajerumani wanaiweka kwenye divai mwezi huo huo wa Mei. Mimi hiyo ya vikengele niliagiza mbegu mtandaoni, pakiti imepigwa picha safi, elfu kumi na tano na usafiri juu. Nikaotesha kwenye trei, nikafunika na kiroba, nikamwagilia asubuhi na jioni kama mtoto. Baada ya wiki ikaota. Nikafurahi. Wiki ya tatu mke wangu akapita akaangalia akasema, "Baba, huu si mchicha?" Ulikuwa mchicha. Tukaula.

Na hata zingekuwa mbegu za kweli nisingefika popote. Ua lile likitoka kwenye mbegu ni la kusubiri miaka, wenyewe wanapanda vipande vya mizizi vyenye vichipukizi, na lazima lipitiwe na baridi kali ya wiki kadhaa ndo lichanue vizuri. Baridi yetu ya Julai, hata kama unavaa sweta na kulalamika, kwa lile ua bado ni joto. Halafu lina sumu mmea mzima, mpaka maji ya chombo ulichoweka maua. Kwa hiyo mtu akikwambia ana mbegu zake zinafaa Dodoma, muulize bei ya mchicha.

Sasa kipimo changu mimi ni kimoja, nimekiita harufu kwa ndoo. Dodoma tunapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na karibu zote zinaanguka kati ya Desemba na Aprili, miezi mingine yote ni wewe na ndoo yako, na ule upepo wa Juni mpaka Septemba unaokausha kila kitu. Na usidhani kivuli cha mwarobaini ni kivuli tu, chimba na jembe uone, mizizi imetanda kama kamba, inakunywa kabla ya ua lako. Mmea ambao utautilia ndoo mbili kila siku kuanzia Mei hadi Novemba ili unukie wiki moja, huo ni mkopo wa riba.

Namba moja kwangu, na najua kuna watu watabisha, ni ile oregano ya majani manene yenye vinywele laini, kitaalamu Coleus amboinicus. Wauza miche wengine wanaiita oregano, wengine wanakwambia tu ni dawa ya kikohozi. Maua yake ya kawaida sana, harufu iko kwenye jani, na ndo maana naipa namba moja, haisubiri msimu. Ukipita suruali ikigusa inanukia, mvua ikipiga inanukia uwanja mzima, mtoto akirusha mpira humo inanukia. Majani yanatunza maji yenyewe kwa hiyo ndoo moja mara mbili kwa wiki kwa kieneo kidogo inatosha hata Septemba, mimi maji ya kuoshea mchele ndo yanaenda huko. Kivuli chepesi kama cha mwarobaini inakipenda, ila ukiiweka kwenye giza kabisa nyuma ya tenki inarefuka mashina bila majani. Nilinunua kwa 2,000 kiriba kimoja. Na hapa usikubali kuuziwa miche arobaini! Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 40 unahitaji kama miche sita kwa mita moja ya mraba, sawa, lakini nunua mitano tu, kata vijiti vya urefu wa kiganja, toa majani ya chini, chomeka kwenye udongo wenye samadi iliyooza, wiki mbili tatu imeshika. Msimu mmoja umejaza uwanja kwa 10,000.

Namba mbili ni asmini, ile nyeupe ambayo watu wa Pwani na Zanzibar wanatengenezea vikuba. Kwa harufu peke yake ingekuwa ya kwanza, haina mpinzani, ila ina masharti. Kwenye kivuli kizito inatoa majani tu, kwa hiyo iweke pembeni ya kivuli pale jua la asubuhi linapofika mpaka saa nne hivi, na badala ya kuipandisha ukutani ilaze, kata ncha zinazopanda juu, matawi yanayogusa chini yafukie kidogo yatatoa mizizi. Inakunywa maji kuliko namba moja. Kununua asmini ndo kuna ujanja mwingi, ngoja nisimulie.

Nilikuta kwa mzee mmoja wa miche pembezoni mwa barabara, miche mizuri, majani yanang'aa, 5,000. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hiyo yasmini orijino, ina mwezi wa tatu sasa." Nikaushika mmoja shingoni nikavuta kidogo tu, ukatoka mzima mkononi, chini umekatwa mshazari, msafi, hauna hata uzi wa mzizi, kama mswaki. Mzee akacheka, mimi nikacheka, akanipa mwingine kutoka nyuma kabisa ambao ulikuwa na mizizi imetokeza kwenye vitundu vya kiriba. Hiyo ndo alama ya kutafuta, geuza kiriba uangalie chini. Na ya pili, asmini nenda kanunue jioni, saa kumi na mbili hivi, kwa sababu maua yake yanafunguka jioni. Mchana kila mche unanukia maneno ya muuzaji, nilishaleta nyumbani kichaka cheupe cheupe ambacho mpaka leo hakijatoa harufu yoyote.

Namba tatu ni lili za Crinum, na kama wewe shida yako hasa ni lile ua la majira ya kuchipua, yaani la kukwambia msimu umegeuka, basi kwako hii iwe ya kwanza. Ni kitunguu kikubwa kinachokaa ardhini, zile aina za huku kwetu kiangazi majani yanakauka unaona kama imekufa, maji haitaki hata kikombe, halafu mvua za kwanza zikishuka inatoa bua na maua makubwa meupe yenye mistari ya waridi, nyingi zinanukia, jioni zaidi. Harufu kwa ndoo sifuri, hebu fikiria. Kasoro yake haifuniki ardhi mwaka mzima, ndo maana mimi nimezichanganya katikati ya oregano. Nunua kitunguu kigumu kisichobonyea, kilichochipushwa kitaluni, usimtume kijana akakuchimbie porini, tutamaliza. Na kisikae jikoni karibu na vitunguu vya mboga, kina sumu.

Sneki planti naiweka ya nne, na najua unashangaa. Ile fupi inayokaa kama kiota inafunika vizuri, inavumilia kivuli na kiangazi kuliko zote hapa, ndugu zake wa porini wamejaa vichakani kuanzia huku mpaka Itigi. Watu wengi hawajui kwamba inachanua, na maua yake usiku yananukia vizuri sana, yanadondosha na utomvu mtamu unaonata. Tatizo haina ratiba. Yangu ya miaka mitatu imechanua mara moja. Nunua kama mfunika ardhi, harufu ihesabu kama zawadi.

Mnanaa ni kwa mwenye bomba linalovuja tu, sitanii. Panda pale maji yanapomwagika, ndani ya ndoo iliyotobolewa kitako kwa sababu ukiiachia inahama. Tyubarosi inanukia balaa lakini ni ya juani, kivulini utapata majani. Zile violeti za Usambara zinazouzwa kwenye vikopo, za kwetu hizo, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire ndo alizipeleka kwao mwaka 1892 zikatapakaa dunia nzima, nzuri kweli, ila hazinukii na huu ukavu wetu zinauchukia. Weka ndani dirishani.

Kabla hujatoa hela mambo matatu ya huku kwetu. Maji ya kisima ya Dodoma mengi yana chumvi, ukiona birika lako lina ukoko mweupe ujue na udongo utakuwa hivyo hivyo, kwa hiyo mvua zikinyesha kinga kwenye tenki na umwagilie kwa wingi mara chache kuliko kidogo kidogo kila siku. Samadi iko tele huku kwa wafugaji, ila mbichi inaunguza, iache mpaka isinuke. Majani makavu ya mwarobaini usiyafagie, yatandaze kati ya miche yatunze unyevu, ukiyarundika manene mchwa watahamia, unene wa vidole viwili unatosha.

Na kuku. Kuku wa jirani ndo adui namba moja, watachakura hayo majani siku ya kwanza na miche juu. Mimi nimezungushia matawi ya miiba kwa miezi miwili ya mwanzo, oregano ikishashona wenyewe hawaigusi. Kama una 30,000 mwezi wa kumi na mbili ukianza, chukua oregano mitano, asmini miwili uliyoigeuza chini ukaona mizizi, inayobaki lili, upunguziwe bei ukichukua tatu kwa mpigo. Kama ni Agosti, funga pochi. Chimba mashimo tu usubiri.