Siku mbili na masanduku ya Lord Lloyd, Cambridge: uzoefu wangu

Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles. Aliingia jeshini mwaka 1940, akavuka Mto Tana na wenzake, na Februari 1941 wakaingia Kismayu kuwatimua Waitaliano. Hayo ndiyo tuliyosimuliwa nyumbani Voi, na karibu ndiyo yote. Aliyekuwa Waziri wa Makoloni kule London wakati vijana wetu wanaandikishwa aliitwa George Ambrose Lloyd, yaani Lord Lloyd wa Dolobran. Nilipogundua kwamba nyaraka zake, za nyumbani na za kazini, zimehifadhiwa Churchill Archives Centre, ndani ya chuo cha Churchill mjini Cambridge, niliomba likizo ya siku mbili kazini nikaenda.

Nimjulishe kidogo kwa asiyemfahamu. Ukoo wake ni wa Wales, wa Dolobran huko Montgomeryshire, wale wale Lloyd wa madhehebu ya Quaker waliohamia Birmingham kufanya biashara ya chuma na baadaye kuanzisha benki ya Lloyds. Yeye mwenyewe alizaliwa Uingereza mwaka 1879, akasoma hapo hapo Cambridge, na mwaka 1899 na 1900 ndiye aliyeshika usukani wa mashua ya chuo katika mashindano dhidi ya Oxford. Akawa mbunge, akawa gavana wa Bombay kule India kuanzia Desemba 1918 hadi 1923, kisha Kamishna Mkuu wa Misri na Sudan kuanzia 1925 mpaka alipolazimika kujiuzulu mwaka 1929. Mei 1940 Waziri Mkuu Churchill akampa Wizara ya Makoloni. Alifariki akiwa bado ofisini, tarehe 4 Februari 1941. Kismayu ikaangukia mikononi mwa kina babu tarehe 14, siku kumi baadaye.

Kabla sijaenda mwenyewe nilikosea. Kuna mtu anayetangaza kwamba atakutafutia mambo ya ukoo wako kwenye hifadhi za Uingereza kwa malipo. Nikamlipa. Baada ya wiki tano akanitumia kurasa tatu, na zote zilikuwa zimenakiliwa kutoka kwenye katalogi ambayo iko wazi mtandaoni kwa kila mtu, bila senti moja. Niliumia, kwa sababu pesa ile niliipata kwa zamu za usiku. Usilipe mtu kabla hujaifungua katalogi wewe mwenyewe. Andika jina la Lloyd, au fuata alama GLLD, utaona masanduku yalivyopangwa, miaka yake na ndani mna nini kwa jumla.

Huduma yenyewe nimeipenda sana. Unaandika barua pepe mapema kupanga siku, unataja namba za masanduku unayotaka, na kusoma ni bure. Mimi si mwanafunzi wala mwalimu wa chuo, nahudumia wazee, na nilikuwa na wasiwasi nitaulizwa barua ya utambulisho kutoka kwa profesa fulani. Sikuulizwa. Nilionyesha kitambulisho, nikaacha mkoba na koti, nikaingia na penseli, daftari na kompyuta yangu. Kalamu ya wino hairuhusiwi. Dada mtunza nyaraka alinionyesha jinsi ya kuliegemeza jalada kwenye mto wa sponji ili mgongo wake usivunjike, na namna ya kutandaza mkufu mzito wa kitambaa juu ya ukurasa unaojikunja. Alifanya hivyo taratibu, bila kunifanya nijione mgeni.

Halafu sanduku likafika. Ndani mna majalada yaliyofungwa kwa utepe mweupe wa pamba. Unafungua fundo, unalaza utepe pembeni, na mbele yako kuna karatasi nyembamba kama maganda ya kitunguu, nakala za kaboni, herufi zake zimefifia kuwa na rangi ya moshi. Ukurasa unaofuata ni karatasi nene, mwandiko wa mkono unaokimbia. Mchanganyiko huo ndio uzuri wa mkusanyo huu. Gavana yule yule anaongea kwa sauti mbili: moja ya serikali, iliyopigwa taipu, kila neno limepimwa, nyingine ya mtu anayemwandikia mwenzake usiku akiwa amechoka na ana hasira.

Nilikaa sana kwenye miaka ya Bombay, ingawa sikwenda kwa ajili hiyo. Lloyd alitaka Gandhi akamatwe mapema, wakubwa wa Delhi wakawa wanasitasita. Aliyekuwa waziri wa mambo ya India London ni Edwin Montagu, na waliandikiana mno. Montagu alijiuzulu tarehe 9 Machi 1922. Kesho yake Gandhi akakamatwa Ahmedabad, ndani ya himaya ya Lloyd, na tarehe 18 akahukumiwa miaka sita. Tarehe hizi nilizijua kabla. Lakini kuzifuata ukiwa na karatasi za wakati ule mkononi, siku baada ya siku, ni jambo jingine kabisa. Nilisahau hata kwenda kula.

Na huyo huyo aliyejaza magereza ndiye aliyesukuma ujenzi wa bwawa kubwa la maji la Sukkur kwenye Mto Indus, lenye milango 66, lililofunguliwa mwaka 1932 likiitwa kwa jina lake, na majengo ya vyumba vya wafanyakazi pale Worli na Naigaon, mjini Bombay. Sikuweza kumweka kwenye kapu moja. Sisi watu wa pwani tulikuwa karibu na Bombay ile kuliko tunavyokumbuka: meli zilikwenda na kurudi Mombasa na Unguja, na mpaka 1920 pesa mfukoni mwa mtu wa Kenya ilikuwa rupia.

Sasa kuhusu 1940. Hapa ndipo ninapotaka msomaji aliye na babu keya anisikilize vizuri. Usiende Cambridge kutafuta jina la babu yako. Karatasi za waziri ni za waziri: ni wakubwa wanaoandikiana na wakubwa. Mwaka ule Italia iliingia vitani Juni, Moyale ikapotea Julai, na makoloni yote yaliyokuwa chini ya wizara ile yalidaiwa watu na chakula. Ukisoma na hilo akilini utaelewa kwa nini kijana wa Voi alijikuta kwenye lori la kwenda Garissa. Jina lake hutaliona. Mimi nililitafuta hata hivyo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka saa ya kufunga, na sioni aibu kusema macho yalinilengalenga nilipolirudisha jalada la mwisho.

Jioni nilimpigia mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umempata babako?” Mama humwita babu hivyo anapoongea nasi wajukuu wa kiume, kwamba babu ni baba yetu.

“Bado. Nimempata bosi wa mabosi wake.”

Akanyamaza kidogo. “Basi endelea.”

Alichonishauri yule dada kabla sijaondoka kimenifaa kuliko kitu kingine. Karatasi rasmi za Wizara ya Makoloni haziko Cambridge, ziko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa, na kila koloni lina alama yake kwenye katalogi: Kenya ni CO 533, Tanganyika CO 691, Uganda CO 536, Zanzibar CO 618. Mambo ya Bombay kwa upande wa serikali yako British Library, kwenye kumbukumbu za India Office, ile wizara ya London ya mambo ya India. Kwa hiyo ukitaka kumfuata Lloyd mwenyewe, moyo wake na kiburi chake, siku mbili Cambridge zinatosha kuanzia, tatu ni bora. Ukitaka koloni lako, panda treni uende Kew.

Mimi naenda Kew mwezi ujao. Mama amefungua sanduku la bati la marehemu bibi, akakuta kipande cha karatasi ya kuachishwa jeshi, kona moja imeliwa na mchwa lakini namba ya askari inasomeka. Ameipiga picha mara nne ili nisiikosee tarakimu.