Fundi wa jezi za raga aliyeniuliza nani atavaa nambari 1

Swali la kwanza aliloniuliza fundi huyu halikuhusu rangi wala bei. Alizikunjua jezi mbili kati ya zile nilizomletea, akazitazama mgongoni, kisha akasema, "Mama, hizi ni za raga ya watu kumi na tano au ya saba?" Siku hiyo nilikuwa nimeshapita maduka manne, kuanzia Luthuli Avenue hadi River Road, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza hivyo. Nikavuta kigoda, nikaketi.

Mimi ni meneja wa timu ya raga ya wanawake hapa Nairobi. Kabla ya hapo nilicheza huka, yule wa katikati ya mstari wa mbele, misimu tisa, jezi nambari 2, hadi goti liliponitoa uwanjani. Sasa kazi yangu ni maji, bandeji, usafiri, fomu za wachezaji na jezi. Katika hayo yote, jezi ndizo zilizoninyima usingizi zaidi. Naandika haya ili meneja mwenzangu wa klabu au mwalimu wa michezo asije akapoteza pesa kama tulivyopoteza sisi.

Msimu uliopita tulitengenezewa jezi na duka moja la katikati ya jiji ambalo sitalitaja. Vijana wale wana adabu, na jezi zao za kandanda ni safi. Niliwapa orodha ya majina, na saizi nikawaambia wagawanye sawasawa: ndogo kadhaa, za kati kadhaa, kubwa kadhaa. Kosa hilo la saizi ni langu. Lakini orodha wakaipanga kwa alfabeti, wakampa wa kwanza 1, wa pili 2, wakateremka hivyo hivyo hadi 23. Jezi zilipofika, nambari 9 ilikuwa kubwa kuliko zote na nambari 3 ilikuwa ndogo kuliko zote. Skramu-hafu wetu, anayevaa 9, ni msichana mdogo wa mwili. Mikono ya jezi ilimfika kwenye vidole na kila akiinama kuchukua mpira kitambaa kilimtangulia. Propu wetu wa kulia, yule mpana anayevaa 3, alijisokomeza ndani ya jezi ya kumtosha mdogo wake wa darasa la saba. Mshono wa bega ulipasuka katika skramu ya pili, yaani pale wanane wa kila timu wanaposhikana na kusukumana kwa mabega.

Ukweli ni kwamba wengi wetu Kenya tumeijua raga kupitia wachezaji saba. Nani hakumbuki Aprili 2016, Shujaa, timu yetu ya taifa ya saba, walipoilaza Fiji 30-7 kwenye fainali kule Singapore? Katika mchezo wa saba nambari haikufungi popote. Anayevaa 4 anaweza kuwa winga au propu. Ukija kwa watu kumi na tano, mambo ni tofauti kabisa. Nambari ni ya kazi. 1 na 3 ni mapropu, na 2 ni huka anayening'inia katikati yao. 4 na 5 ni maloki, wale warefu wa kurukia mpira kwenye lainauti, yaani unaporushwa kutoka pembeni mwa uwanja. Yule wa nyuma ya skramu hana hata jina la kazi, anaitwa nambari nane, basi. 9 anautoa mpira, 10 anaamua uende wapi, 11 na 14 wako pembeni, 12 na 13 katikati, na 15 anabaki nyuma peke yake kama mlinzi wa geti. Propu akiumia leo, Jumamosi ijayo mwingine anaivaa ileile 3. Ndiyo maana hatuandiki majina mgongoni, na ndiyo maana saizi ya jezi lazima ifuate nambari. Hakuna siku utamkuta mtu wa kilo 55 ndani ya nambari 3.

Hayo nilimweleza fundi kwa kirefu, nikidhani namfundisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari lake la hesabu, akachora mistari na kuandika 1 hadi 23 upande wa kushoto. "Nipe orodha kwa nambari, majina weka kando. Nani atavaa moja? Mpana au mrefu?" Mwanawe, akaniambia, alicheza propu shuleni, na yeye ndiye aliyekuwa akimshonea jezi kila Jumapili jioni.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona fundi yeyote akifanya. Alimvalisha kijana wake wa dukani jezi tupu ya kijani, akanipa kiti kando, akasema, "Mama, mshike vile huka anashika." Nikasimama katikati ya karakana, kati ya cherehani na marobota ya vitambaa, nikampitishia yule kijana mkono wangu wa kulia mgongoni na kukamata kitambaa chini ya kwapa lake, nikavuta kama niko skramuni. Fundi akaja na chaki. Akaweka alama pale mkono wangu ulipopita, akaweka nyingine pale vidole vilipokamata. Akauliza na mpinzani je, anashika wapi? Nikamwambia sheria inataka propu ashike jezi ya mpinzani wake mgongoni au ubavuni, hairuhusu kushika mkono. Akaweka alama ya tatu. Alipomvua kijana jezi na kuitandaza mezani, ilionekana wazi: ukingo wa juu wa nambari zetu za zamani ulikaa sawasawa kwenye njia ya mkono wa huka. Misimu tisa nimesugua nambari za mapropu wangu kwa mkono huu na sikuwahi kuliwazia jambo hilo.

Zile za msimu uliopita zilikuwa za plastiki inayobandikwa kwa mashine ya joto. Kwa kandanda hazina neno. Kwa raga, mechi mbili zinatosha kuinua kingo, na kuanzia hapo kila anayemkaba mwenzake anaondoka na kipande. Mechi ya tatu, mgongoni mwa nambari nane wetu mikunjo ya kushoto yote miwili ilikuwa imebanduka. Ukiikata 8 hivyo inabaki nini? 3. Alimkaba mtu juu ya mabega, msaidizi wa refa akamwona, akaripoti nambari 3 wa kijani. Kadi ya njano ikamwangukia propu wetu ambaye wakati huo alikuwa amelaliwa na watu wanne upande mwingine wa uwanja. Dakika kumi nje. Na kwa kuwa skramu haichezwi bila propu aliyefunzwa, ilitubidi tumtoe winga ili propu wa akiba aingie. Tulifungwa trai mbili (mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wetu) katika dakika hizo kumi, zote kwa upande ambao winga hakuwepo. Simlaumu refa hata kidogo. Alisoma kilichoandikwa.

Kusomeka huko ndiko kulikoleta nambari kwenye mchezo huu, na hawakuzipokea wote kwa furaha. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 Mfalme George V aliuliza mbona Waskoti wanacheza bila nambari, na mkubwa mmoja wa raga yao akamjibu kuwa hii ni mechi ya raga, si mnada wa ng'ombe. Leicester, klabu ya Uingereza, nao walishikilia herufi kwa miaka mingi badala ya nambari, hadi mapropu na huka wao wa miaka ya 1990 wakajulikana kama ABC. Nimewahi kulipenda wazo hilo la herufi. Lakini kwa ligi zetu, ambako mara nyingi refa anakutana na timu kwa mara ya kwanza asubuhi ya mechi, nipe nambari kubwa nyeupe juu ya kijani.

Fundi huyu habandiki. Rangi inaingizwa ndani ya uzi kabla kitambaa hakijakatwa, kwa hiyo ukipitisha kidole mgongoni huhisi kitu. Nambari ameishusha vidole vinne kutoka ilipokuwa, na kwa jezi 1 hadi 5 ameifanya nyembamba kidogo ili ikae mbali na mishono ya ubavu. Tumezicheza mechi sita sasa, tatu kati ya hizo kwenye matope ya kule Ngong Road, na tumezifua kwa mkono kila wiki. Hakuna hata moja iliyofifia.

Tulikwama kidogo kwenye 6 na 7. Hizo ni za maflanka, wale wa pembeni mwa skramu. Flanka wetu mmoja, msichana anayekimbilia kila mpira ulioanguka, alitaka 6 kwa sababu ndiyo ya Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini aliyeinua Kombe la Dunia 2019 na 2023. Na nambari hiyo ina uzito wake kwa bara letu: ni 6 ya nahodha Francois Pienaar ambayo Mandela aliivaa Ellis Park kwenye fainali ya Kombe la Dunia tarehe 24 Juni 1995. Lakini Afrika Kusini wamezigeuza hizo mbili. Kwao flanka wa upande wenye nafasi kubwa, yule mwindaji wa mpira, ni 6, na wa upande mfinyu ni 7. Sisi tunafuata mtindo wa wengi: 7 ndiye mwindaji. Nilimweleza hivyo akiwa palepale dukani, akanuna. Fundi akainua kichwa kutoka kwenye cherehani, "Binti yangu, kazi ya Kolisi hapa kwenu inaitwa saba. Unataka kazi yake au shati lake?" Akachagua kazi, na fundi akaiandika 7 yake mbele yake.

Ambacho sikutegemea fundi akijue ni jezi za akiba. Katika kikosi cha watu 23, sita lazima wawe wanaweza kucheza mstari wa mbele wa skramu, na desturi ni kuwapa wale watatu wa akiba 16, 17 na 18: huka, propu wa kushoto, propu wa kulia. Shingo za watu ziko hatarini pale. Mwili wa mtu asiyefunzwa ukiingia skramuni unaweza kuvunjika. Basi 17 na 18 nazo zinatakiwa kuwa pana. Duka la kwanza lilitupa 17 ndogo. Huyu, kabla sijafungua mdomo, alikuwa ameshaandika "pana, pana" kwenye mistari hiyo miwili. Kilichompita ni jezi za damu tu. Mchezaji haruhusiwi kuendelea na nguo iliyochafuka damu, na timu kama yetu haina uwezo wa kushona seti mbili. Tukaongeza 24 na 25, moja pana na moja ya kati, na refa huwa namwarifu kabla ya mpira kuanza kwamba zipo na ni za nini.

Bei: shilingi 1,800 kwa jezi, kwa zote 25 ikawa 45,000. Nusu unalipa kwa M-Pesa unapoagiza, nusu unapochukua. Duka la kwanza lilitutoza pungufu ya hapo, na msimu haukwisha kabla hatujanunua nyingine.

Kasoro zipo na nitazisema. Aliniahidi Alhamisi, nikazipata Jumamosi saa moja asubuhi, mechi ikiwa saa nane mchana. Usiku wa Ijumaa huwa tunawakabidhi wachezaji jezi mmoja mmoja, mbele ya wenzao, na wiki hiyo tuliwakabidhi ndani ya matatu tukielekea uwanjani. Iliniuma, kwa sababu mmoja wao ilikuwa mara yake ya kwanza kabisa kuitwa kikosini. Simu hapokei mashine zikinguruma. Kola zake ni laini mno, mbili zimeshaanza kulegea. Risiti aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, mweka hazina wetu akaikataa, ikabidi nirudi apige muhuri.

Bado nampa nne na nusu kati ya tano, na oda ya timu yetu ya wasichana wadogo iko kwake tayari.

Ukienda, panda kutoka River Road kwenye ule mtaa wa maduka ya nyuzi na vifungo. Kibao hakipo, uliza fundi wa jezi ghorofa ya pili, mlango wa bluu wenye pazia la kitambaa cha kijani. Jumapili amefunga. Nenda mapema katika wiki, nenda na vipimo vya mapropu wako wote, wa akiba wakiwemo, na kama unaweza nenda na propu mwenyewe, kwa sababu atataka kumshika mgongo na chaki mkononi.