Epoksi ya boti ndani ya kifuniko cha tangi la samaki: uzoefu wangu hapa Lamu

Kwa wenye haraka: epoksi ya boti, ile gundi ya kuchanganya makopo mawili inayokauka ikawa ngumu, inafaa kwa ndani ya kifuniko cha mbao, na sioni kwa nini mtu wa pwani aendelee kupaka vanishi pale. Ni ghali, inanuka siku za mwanzo, na haimtaki mvivu. Lakini maji hayapiti.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45, yaani kama lita 243 likijaa pomoni. Liko sebuleni, nyumba ya mawe huku Mkomani. Nafuga siklidi wa Ziwa Malawi kwa sababu wanapenda maji magumu, na maji ya kisima chetu sabuni haitoi povu. Ni samaki warukaji pia, kwa hiyo kifuniko si pambo tu.

Kifuniko chenyewe ni kazi nzuri ya seremala wa hapa mjini: pande za mvule zenye nakshi, juu plaiwudi. Kilikuja kimepakwa vanishi nje na ndani. Nje bado inang'aa mpaka leo. Ndani, kusi haijaisha, vanishi ikafura malengelenge na kubanduka kama maganda ya kitunguu, na kuvu nyeusi ikatambaa kwenye ncha za plaiwudi. Seremala simlaumu, vanishi ile ni ya milango na viti. Mlango hauna shida ya kifuniko: usiku mvuke unapanda, unagusa mbao, unakuwa matone, asubuhi taa zinawaka, mbao inakauka. Kila siku inavimba na kunywea, na vanishi ikishapata ufa mmoja maji yanaingia chini yake na kukaa huko huko.

Ushauri niliopewa haukuwa haba. Mzee mmoja wa Matondoni, mtu wa majahazi, aliniambia, "Mwanangu, paka sifa, mbao itaishi kukushinda wewe." Kwa jahazi sina la kubisha. Lakini sifa ni mafuta ya ini la papa; sebuleni, tena juu ya samaki, yakidondoka yanatanda juu ya maji, na harufu yake mnaijua. Kijana mwingine akanielekeza kwenye ile rangi ya kupaka chini ya boti. Hiyo msiiguse. Nyingi zina shaba, maana kazi yake ni kuzuia viumbe vya baharini visigande. Shaba huua konokono na kamba hata ikiwa kidogo, na matone ya kifuniko yanarudi ndani ya tangi.

Basi nikaagiza epoksi Mombasa, ikaja kwa basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti. Ni makopo mawili, la gundi na la kukazia, vipimo viwili kwa kimoja. Bei yake inazidi vanishi mara tatu na zaidi. Kilichonikera ni kwamba hawakuweka hata kikombe cha kupimia, na uwiano si jambo la kukadiria kwa macho. Ukizidisha cha kukazia ukidhani itakauka haraka, itabaki laini daima.

Jambo kubwa kwetu ni joto. Maelezo ya kopo yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na muda wanaokupa wa kufanya kazi hapa unapungua sana. Fundi wa boti za faiba aliniambia, "Kaka, changanya kidogo kidogo, na umimine kwenye sinia, usiache kikombeni." Alisema kweli. Epoksi ikikaa kwa wingi mahali pamoja inajipasha yenyewe, mpaka kikombe cha plastiki kinalainika na moshi unatoka. Ikitandazwa kwenye sinia, joto linapata pa kutokea.

Saa ya kupaka nayo ina maana. Asubuhi mbao inazidi kupata joto, hewa iliyomo ndani yake inatanuka na kutoka, na kila inapotokea inaacha kitundu kwenye epoksi. Jioni mambo ni kinyume, mbao inapoa na kuivuta epoksi ndani. Mimi nilianza baada ya alasiri, kifuniko kimeshinda uani kwenye joto, na vitundu vilikuwa vya kuhesabika.

Kabla ya hapo nilikwangua vanishi yote na kupiga msasa hadi mbao tupu. Taa, bawaba, vyote nilivitoa. Ncha za mbao zilizokatwa ndizo zinazokunywa kuliko sehemu nyingine zote, na ndipo kuvu ilipoanzia, kwa hiyo nilizirudia kwa epoksi mpaka zikaacha kufifia. Matundu ya parafujo pia, ndani kabisa, kwa kijiti chenye pamba. Tabaka la pili unalipaka la kwanza likiwa bado linanata kidogo, na hapo huhitaji msasa. Likishakauka kabisa, utaona utando wa mafuta mafuta juu: uoshe kwa maji kwanza, halafu msasa. Ukianza na msasa unausugua utando ndani ya epoksi, na rangi haitashika.

Rangi ni ya lazima kwa maoni yangu. Epoksi ikiachwa wazi kwenye mwanga hugeuka manjano, na nyeupe inarudisha mwanga wa taa majini. Nilijaribu rangi ya mafuta kwenye kipande cha plaiwudi kilichobaki, ikakataa kukauka juu ya epoksi. Ile ya maji, ya akriliki, ilishika vizuri, nikatumia hiyo. Bawaba nimerudisha za chuma kisichoshika kutu. Za shaba nyeupe nimeziacha kwa sababu ile ile ya konokono.

Nilikiacha kifuniko wazi uani zaidi ya wiki moja mpaka harufu ikaisha kabisa. Msifanye haraka hapo. Nyuma nilimwambia seremala atoboe matundu ya hewa, na nikayapaka epoksi pia, kwani bila njia ya mvuke kutoka, hata hii ingechoka.

Kimeshapita kusi nyingine na kaskazi. Hakuna lengelenge, hakuna kuvu. Matone nayafuta kwa kitambaa. Kona moja karibu na taa rangi imepauka, basi. Nampa muuzaji nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kikombe cha kupimia, na kwa sababu hana kopo dogo: kifuniko kimoja hakimalizi hata nusu, na iliyobaki majirani wenye mashua wameshaanza kuiulizia.