Uzoefu wangu: Nissan Patrol Safari 4.8 kwenye joto la Omani

Tangu nihamie Muscat kutoka Dar, wapenda magari wenzangu hawaniulizi mshahara wala nyumba. Wanauliza huku naendesha nini. Naendesha Nissan Patrol Safari ya 2009, bodi ya Y61, injini ya petroli ya lita 4.8, gia za mkono. Nimekaa nayo majira ya joto zaidi ya mara moja, nimeipeleka mchangani, milimani na kwenye foleni za Ruwi saa nane mchana. Anayejiandaa kuja Ghuba na anapenda gari, haya yamuhusu.

Nianze na joto, kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu huku. Sisi wa Dar tunaamini joto tunalijua, na kweli la mchana tunalijua, ila usiku upepo wa bahari unakuja na gari linapumzika. Huku kuna wiki nzima gari halipumziki kabisa. Tarehe 26 Juni 2018, mji wa Quriyat ulio pwani, kusini-mashariki ya Muscat, ulipita usiku na mchana bila kipimajoto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Hakuna usiku wa joto namna hiyo uliokuwa umewahi kurekodiwa mahali popote duniani. Fikiria betri, mipira ya rejeta, belti na tairi zinaianza asubuhi zikiwa tayari zimechoka. Ndiyo maana swali la kwanza la gari la jangwani si nguvu ya injini. Ni namna linavyojipoza.

Mark II yangu, GX100 niliyoipenda sana, niliiacha Tabata kwa mdogo wangu. Omani wanaendesha upande wa kulia wa barabara, na gari la usukani wa kulia la kwetu huwezi kulileta ukalisajili kwa matumizi ya kila siku. Roho iliniuma, lakini hata ingeruhusiwa nisingeileta. Gari lililoundwa kwa ajili ya Japani lina mfumo wa kupoza wa Japani.

Nikaenda Wadi Kabir, kwenye maduka ya magari yaliyotumika. Nilikuwa nazunguka gari moja kubwa la Kimarekani, linang'aa, bei nzuri, huku naongea na simu kwa Kiswahili. Mzee mmoja wa Kiomani, kanzu nyeupe na kofia iliyotariziwa, akasimama kunisikiliza. Nilipokata simu nikamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Dar."

"Mimi nimezaliwa Unguja, Mkunazini. Hiyo wacha. Hiyo imekuja na meli kutoka Marekani. Fungua boneti utazame rejeta yake, nyembamba kama daftari la shule. Tafuta iliyouzwa mpya hapa hapa."

Alinipa darasa bure, na kila alichosema nimekuja kukithibitisha. Gari lililoagizwa na wakala kwa ajili ya nchi za Ghuba, wenyewe wanaliita GCC, kwa kawaida huja na mfumo wa kupoza injini ulioimarishwa na AC iliyopangwa kwa hali ya hewa hii. Magari mengi ya Marekani yanayouzwa huku kwa bei ya kutupa yamepitia minadani baada ya ajali au mafuriko, yakanyooshwa na kupakwa rangi. Si yote mabaya, ila kwa mgeni asiye na fundi wake, kuyachambua ni kazi ngumu.

Ndipo nikaishia kwenye Safari. Y61 ilianza kutengenezwa 1997, na nyumbani tumeizoea kwenye misafara ya mashirika na miradi, nyingi zikiwa za dizeli. Ghuba walikwenda na petroli. Injini yake, TB48, ina silinda sita za mstari mmoja, bloku ya chuma, na inatumia cheni badala ya taiming belti. Ekseli ni za kipande kimoja mbele na nyuma, springi za koili, na difu ya nyuma ina loki. Nissan walipozindua mrithi wake Abu Dhabi mwezi Februari 2010, Y62 yenye V8, watu wa Ghuba hawakukubali kuiachia hii ya zamani, ikaendelea kuuzwa kwa miaka mingi sambamba na mpya. Ukiikalia utaelewa.

Sasa kupoza. Njia ya kupanda Jabal Akhdar inaanzia Birkat al Mouz, ambako polisi wana kizuizi na hawapitishi gari lisilo na foo-wili. Kutoka pale unapanda mpaka uwanda wa Saiq, kama mita 2,000 juu ya bahari, na mwinuko haukupi nafasi ya kupumua. Nimeipandisha Safari mchana wa Julai, familia ndani, AC imefunguliwa yote mbele na nyuma, gia ya pili na ya tatu. Sindano ya joto ilikaa palepale chini ya nusu. Wakati wa kushuka ndipo gia za mkono zinapolipa: unaiweka ya pili, injini inalishika gari lote, breki unazigusa tu kwenye kona.

Lakini mfumo huu una roho moja, nayo ni feni. Feni ya Safari haiendeshwi kwa umeme. Inazungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni ndani. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, kivali kidogo kinafunguka, mafuta yanasambaa na feni inashika kwa nguvu. Unaisikia kabisa ikianza kuvuma. Klachi ikichoka, feni inazunguka kivivu. Ukiwa kwenye mwendo hutajua, kwa sababu upepo wa barabarani unasaidia. Ukisimama kwenye taa, AC inaanza kutoa hewa ya uvuguvugu.

Ndivyo ilivyonitokea. Gereji moja ikaniambia gesi imepungua, wakajaza, wakachukua hela yao. Baada ya siku chache hali ikawa ileile, wakataka kujaza tena. Nikahamia kwa fundi mmoja kutoka Kerala, eneo la Ghala. Nilikwenda baada ya magharibi, maana majira haya gereji zinapata uhai jioni. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inazuia kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana. Hakugusa gesi wala geji. Aliliacha gari lingurume mpaka likapata moto sawasawa, akazima injini, akaingiza mkono na kuisukuma feni kwa kidole. Ikazunguka, ikazunguka tena, haina ubishi wowote. "Feni klachi, khalas," akasema. Ikiwa nzima na injini ina moto, inatakiwa ikugomee. Tulifunga mpya ya orijino na mpaka leo AC inaganda hata nikisimama.

Kwenye kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, tabia ya nyumbani ya kujaza maji ya bomba iacheni hukohuko. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa madini huchelewa kuchemka na huzuia kutu kwenye njia za maji. Mfuniko wa rejeta nao ukishika presha vizuri, kuchemka kunasogea mbali zaidi. Kimfuniko kilicholegea, cha bei ya soda kadhaa, kinaweza kukuulia silinda hedi.

Betri hazidumu, na hapo Safari haina tofauti na gari jingine lolote. Joto linaharakisha kuliwa kwa sahani za ndani, kwa hiyo betri ambayo Arusha ingekupa miaka mitano, huku ikifika miwili au mitatu inakufa ghafla bila kukuonya. Mimi nabadilisha kabla haijakufa. Sitaki kusimama Haima, katikati ya barabara ya Salalah.

Tairi ndilo jambo linaloua watu huku, na nawaomba mlizingatie. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe. 1823 maana yake limetengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2023. Kuna pia herufi ya kustahimili joto, A, B au C, na mimi sinunui chini ya A. Tairi zuri la zamani lililokaa dukani ni tairi baya. Upepo pima asubuhi kabla hujatembea, kwa sababu kila nyuzi tano au sita zikiongezeka, presha inapanda kama psi moja, kile kipimo cha upepo kwenye geji ya tairi. Ukipima mchana kwenye lami ya moto ukaona imezidi, ukapunguza, basi usiku unatembea na tairi lenye njaa, na tairi lenye njaa kwa kilomita 120 kwa saa linajipasha moto lenyewe mpaka linapasuka.

Mchangani ndiko Safari ilikozaliwa. Naingia Sharqiya Sands kupitia Bidiyah, kama saa mbili na kitu kutoka Muscat kwa barabara kuu. Nashusha upepo kutoka 35 mpaka 15, tairi linalala na kukanyaga eneo pana badala ya kuchimba. Mapema asubuhi mchanga bado una unyevu wa usiku na umeshikana; ikifika saa tano umelegea na kila kilima kimekuwa kirefu zaidi. Unakuja na mwendo ukiwa gia ya tatu, injini ya 4.8 inavuta kutoka chini bila kulalamika, na ukikaribia kilele unaachia mafuta ili pua ishuke taratibu upande wa pili. Ukikosa, unashuka kinyumenyume moja kwa moja bila kugeuza usukani, kwa sababu gari likikaa ubavu kwenye mteremko linabiringika. Hii injini inakusamehe sana. Gari dogo la tabo lingekudai uwe kwenye mizunguko fulani tu. Hii inasukuma popote ulipo. Kabla ya kurudi kwenye lami, upepo unarudishwa wote. Maduka ya tairi ya Bidiyah yapo kwa ajili hiyo, ila mimi natembea na kompresa yangu.

Onyo moja: Barr al Hikman, pwani ya kusini zaidi, kuna sabkha. Juu ni ngumu na nyeupe kwa chumvi, chini ni tope. Safari ni nzito, na ikivunja ule ukoko haitoki kwa ujanja wa dereva. Fuata alama za magari yaliyokutangulia au usiende.

Upande wa mabaya, la kwanza ni mafuta. Barabarani nikienda kistaarabu inanipa kilomita tano kwa lita. Mchangani tatu, wakati mwingine haifiki. Bahati nzuri serikali iliweka kikomo cha bei mwishoni mwa 2021: petroli ya 91 baisa 229 kwa lita, ya 95 baisa 239, na rial moja ina baisa 1,000. Kwa hiyo Muscat hadi Salalah, kilomita takriban 1,000, ninamaliza lita 200, kama rial 48. Kwa gari kubwa namna hii si haba, lakini mtu wa mshahara mdogo anayekwenda kazini kila siku itamkaba.

Kwenye barabara kuu ina kelele za upepo na usukani wake hauna ukali. Kwa 120 unaurekebisha muda wote. Klachi ni nzito kwenye foleni. Plastiki za dashibodi zinapasuka kwa jua, na rangi ya boneti inachubuka usipoegesha kivulini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walichapisha mwaka 2018 vipimo vya magari yaliyoachwa juani saa moja siku za joto kali: dashibodi ilifika wastani wa nyuzi 69 na usukani 53. Kwa hiyo kikinga jua cha kioo cha mbele na filamu nzuri ya kuzuia joto madirishani si urembo. Filamu fuata kiwango cha polisi, la sivyo hupati mulkiya, yaani kadi ya usajili, gari likienda ukaguzi. Na Agosti, unyevu wa pwani ukikutana na AC yako, kioo cha mbele kinashika ukungu kwa nje. Mgeni anahangaika na hita. Unachohitaji ni waipa tu.

Kama maisha yako ni ofisi na supamaketi, nunua Corolla ya GCC na uwe na amani. Kama moyo wako uko nje ya mji, naipa Safari tisa kwa kumi, na hiyo moja inayokosekana ni mafuta. Tafuta ambayo haijaguswa injini. Nyingi zimefungwa tabo na kuchezewa kwa ajili ya mashindano ya kupanda vilima vya mchanga, na zikichoka zinarudishiwa vifaa vya kawaida na kuuzwa kwa mgeni. Lala chini uangalie chasisi na sehemu ekseli zinaposhikia, kama kuna welding mpya jiulize kwa nini. Na usikubali kwenda kuiona jioni. Iendee mchana, washa AC yote, iache ingurume pale pale imesimama kwa nusu saa huku unaangalia sindano na umeweka mkono kwenye tundu la hewa.