TAHADHARI: Kidude cha gemu za kutisha kinachouzwa Kampala

Ndugu zangu wa Kampala, Bombo, Luwero na kwingineko, kuna muuzaji anatangaza mtandaoni kidude cha gemu cha mkononi, shilingi 190,000, eti kimejaa gemu za kutisha. Mimi nimeshaliwa. Tafadhali someni kabla hamjatuma pesa.

Nilimnunulia mtoto wa dada yangu. Amevunjika mguu, wiki ya tano sasa yuko kitandani, na hadithi za mizuka anazipenda kuliko chakula. Tangazo lilikuwa na video: mtu anatembea kwenye ukumbi mrefu wa hospitali iliyohamwa, tochi mkononi, anageuka huku na huku bila kukwama, na nyuma yake kuna kitu kinatambaa. Mtoto aliirudia video ile mpaka bando langu likaisha. Nikapanda teksi kutoka Bombo, nikakutana na kijana wa muuzaji karibu na New Taxi Park. Akakiwasha, orodha ya gemu ikatokea, rangi zinapendeza, nikalipa kwa simu. Sikucheza hata dakika moja, na mtego wake uko hapo hapo.

Gemu ile ya kwenye video ilitengenezewa Nintendo DS, mashine iliyotoka mwaka 2004 ikiwa na skrini mbili, ya chini ikiguswa kwa kalamu yake. Mkono wa kushoto unatembeza mtu, kalamu inageuza macho na tochi, vyote kwa wakati mmoja. Kidude nilichouziwa kina skrini moja, haiguswi, na stiki moja tu. Aliyejaza gemu humo ameweka kitufe cha kuigeuza stiki iwe kalamu. Kwa hiyo ukitaka kutazama kushoto, unasimama kwanza, unabonyeza, unasukuma kidoti kinachojikokota kama konokono, kisha unabonyeza tena ndipo miguu ifanye kazi. Zimwi halikusubiri. Ile skrini ya pili wameikunja kwenye kona, ndogo kama stempu, na ramani iko humo.

Jioni ya tatu nilikaa naye kitandani. Kwenye gemu kukasikika kilio, akajua kabisa kinatoka upande gani. "Mjomba, najua alipo, lakini siwezi kumgeukia." Akauawa. Akarudishwa mwanzo wa sura, milango ile ile, funguo zile zile. Mara ya nne hakushtuka tena, alikuwa anakitazama kitufe, si skrini. Iliniuma sana kumwona hivyo. Woga wa gemu hizi unatokana na kujua kwamba ukiwahi, utapona. Mkono usipotiiwa, woga unakwisha, kinabaki kinyongo.

Na sisemi kwamba gemu ngumu ni gemu mbaya. Resident Evil, gemu ya kutisha ya mwaka 1996, ilimwendesha mtu kama gari: juu ni kwenda mbele, kushoto na kulia ni kugeuka palepale. Wengi walilalamika, lakini kitufe kilitii kila kilipobonyezwa, na uzito ule ulikuwa sehemu ya hofu yenyewe. Hiki hakitii.

Kuna na mengine. Skrini ni hafifu, na gemu yenyewe ni ya gizani, kwa hiyo mchana unaona uso wako mwenyewe. Spika ni moja, iko nyuma, vidole vinaiziba ukikishika kawaida. Ukichomeka vipokea sauti, ni mvumo mtupu.

Nilipompigia muuzaji alisema bidhaa ikishauzwa hairudi, kisha akaizuia namba yangu. Mjue kwamba Uganda tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, inayotaka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa. Kwa hiyo hifadhini tangazo, ujumbe na uthibitisho wa malipo. Mimi tangazo sikulihifadhi, nikabaki na ujumbe wa malipo peke yake.

Ukikutana na muuzaji yeyote wa vidude hivi, kaa chini ucheze dakika kumi gemu ile ile unayoitaka, siyo ile anayokufungulia yeye. Jaribu kutembea na kugeuka kwa pamoja. Sogea juani, sikiliza kilio kinatoka wapi. Akianza kukuharakisha, rudi nyumbani na pesa yako.

Jana nimeliona tangazo limerudi kwa jina jingine, bei imeshuka hadi 170,000. Video ni ile ile ya hospitali. Tazameni sekunde zake za mwanzo: mtu anasonga mbele huku tochi inazunguka ukutani bila kusita. Ilipigwa kwenye mashine nyingine. Hicho anachouza hakiwezi kufanya hivyo.