Kitufe cha Super kiko wapi?

Nianze na mwalimu, maana bila yeye nisingekuwa na hasira ya kuandika haya, habari ya Linux, mfumo niliowekewa kwenye kompyuta zangu badala ya Windows.

Aliingia saa tisa alasiri, siku ya mwisho ya kutuma maombi fulani ya kazi, na mwisho wa kutuma ni saa kumi na moja. Wateja wa namna hiyo nawajua. Saiba yangu, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, iko Kaptembwa, hapa Nakuru, imepita miaka kumi, na sijawahi kumwona Mkenya anayejaza fomu siku ya kwanza. Nikamkalisha kwenye mashine namba tatu. Akajaza jina, kitambulisho, shule alizosoma, shule alizofundisha, watu wa kumshuhudia na simu zao. Dakika arobaini na ushei. Akafika mahali panapotaka namba iliyo kwenye cheti, na cheti kiko kwenye flashi. Kwa hiyo akataka kuiteremsha fomu kidogo, afungue cheti, asome namba, airudie fomu yake. Kazi ya sekunde kumi. Aliyezoea Windows mkono wake huenda wenyewe juu kulia, penye kistari, kisanduku na X.

Palikuwa na X peke yake. Akaibonyeza.

"Mama, imeenda wapi?"

Nilifungua tena. Ukurasa ukarudi mweupe kama ulivyozaliwa.

Sasa nieleze tulifikaje hapo, kwa ufupi, maana sehemu hii kila mwenye saiba anaijua. Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zangu sita ni mitumba ya ng'ambo, prosesa zake i5 za kizazi cha nne. Windows 11 haizitaki. Inataka kizazi cha nane kwenda juu, na kichipu cha usalama ambacho zangu hazina. Kununua sita mpya? Kwa biashara ya shilingi moja kwa dakika? Fundi mmoja wa hapa mjini, jina lake nalimeza, akaniambia weka Linux, ni ya bure, haizeeki, haishiki virusi kirahisi. Mimi nitamlipa kazi yake tu, mia tano kila mashine. Nikakubali tano, ya sita nikamwambia aiache kama ilivyo. Akacheka. Akaniambia nitamwita mwenyewe aje aimalizie.

Hiyo sita ndiyo iliyomsomea mwalimu namba yake ya cheti. Nilikaa naye bega kwa bega, yeye anajaza upya namba tatu, mimi nasoma kwa sauti kutoka namba sita. Alituma zikiwa zimebaki dakika chache. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilikataa pesa yake, akaiacha mezani akatoka.

Ndipo nikampigia fundi.

Nilitarajia pole. Binadamu aliyelipwa elfu mbili na mia tano huanza na pole. Yeye akasema, "Madam, hiyo si shida ya mashine, ni mazoea yako tu. Ukitaka kuficha dirisha bonyeza Super na H." Akakata. Alikuwa kwenye matatu, anadai.

Nikaitafuta hiyo Super. Nikaona Ctrl. Nikaona Alt, Shift, Caps Lock na nyingine ambazo sijawahi kuzigusa tangu nifungue biashara. Super hakuna. Nikavaa miwani. Hakuna. Nikaigeuza kibodi chini juu, makombo ya mandazi yakamwagika mezani, Super hakuna. Kijana mmoja aliyekuwa akichapisha kadi za harambee akanionea huruma: "Mathe, ni hiki." Kile kitufe chenye picha ya dirisha la Windows! Yaani nimeitoa Windows kwenye mashine tano, halafu dawa ya kuishi bila Windows ni kubonyeza Windows, ila tuiite jina lisiloandikwa popote.

Mniambie kama mimi ndiye mwenye mazoea mabaya.

Hii sura waliyoniwekea inaitwa GNOME. Si Linux yote iko hivi, nimekuja kujua baadaye na hilo limeniongezea hasira badala ya kuipunguza. Tangu mwaka wa 2011 wenye GNOME waliamua kitufe cha kuteremsha dirisha hakihitajiki, wakakiondoa. Chini hakuna ule mstari wa kuonyesha ulichofungua. Skrini yenyewe tupu, picha tu, huwezi hata kuweka faili pale mbele ikakungojea. Yapo matoleo ya Linux yanayoirekebisha hali hiyo kabla hayajakufikia, lakini fundi wangu alichagua lile linaloiacha kama ilivyotoka kiwandani. Ni safi, nakubali. Inapendeza kama nyumba ya mtu asiye na watoto.

Kuna pia ile kona. Juu kushoto. Ukipeleka kipanya pale, hata bila kubonyeza chochote, kila ulichofungua kinasinyaa na kutawanyika kama kuku walioona mwewe. Mzee mmoja anayekujaga kusoma magazeti aliipata kona hiyo siku ya pili. Akaondoa mkono kwenye kipanya polepole, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani, akaniambia, "Sijashika kitu." Mzee wa watu, anajitetea kwangu kama mtoto wa shule! Nilimwambia najua hujashika, mzee wangu, ni mashine. Tangu siku hiyo hukaa namba sita au anangoja barazani hadi iachwe.

Hapo nilikuwa nimeshaamua nitaandika: msiguse, msikubali, pesa yenu itaenda. Na ningekomea hapo kama si kijana wa dadangu.

Yuko kidato cha tatu, alikuja likizo. Nikamsimulia habari ya kitufe, akaniangalia vile wanavyotuangalia siku hizi. Akatafuta programu moja iitwayo Tweaks, akaiweka, akafungua mahali pa madirisha, akabonyeza mara mbili. Kistari kikatokea. Kisanduku kikatokea. Kona akaizima kwenye mipangilio. Mashine zote tano, hata chai yake haikupoa.

Nikashangilia? Hapana. Nilikaa chini nikapiga hesabu. Kumbe kitufe kilikuwepo muda wote. Kilifichwa, na dawa ya kukifichua ikawekwa kwenye programu ambayo nayo haimo ndani ya mashine, lazima uijue jina kwanza ndiyo uitafute. Na yule fundi aliijua. Haiwezekani hakuijua. Angenifanyia kazi ya dakika tatu kabla hajaondoka, mwalimu angekuwa na fomu yake, na mimi ningekuwa nawasifu wote wawili, yeye na hiyo GNOME yake. Halafu kijana akaniambia, bila hata kuinua macho kwenye simu, kwamba ipo Linux Mint, ina menyu chini kushoto na vitufe vyote vitatu mahali vilipozoeleka. "Kwa nini hakukuwekea hiyo?" Ndiyo swali. Kwa nini?

Basi sijui tena nani namlaumu. Nikisema mashine ni mbaya nitakuwa mwongo kidogo. Printa, ile iliyokuwa ikidai CD yake kila ikizimwa, iliitikia yenyewe. Na flashi! Wenye saiba wenzangu mnajua ugonjwa wa shotikati: mteja anachomeka flashi, faili zake zote zinageuka vialama vya uongo, anakulaumu wewe. Kwenye zile tano ugonjwa huo haufanyi kitu. Unaziona hizo shotikati zimekaa tu, hazina meno, unazifuta. Kwa hilo peke yake nilitaka kumsamehe fundi. Karibu.

Na watoto hawana habari. Wasichana wa shule ya msingi hapo jirani huja kufanya kazi zao za mtaala, hawajawahi kuwa na Windows ya kusahau, wanaichezea GNOME kama kwao. Mmoja aliniuliza kistari kile ni cha nini. Nikamwambia ni cha mwalimu.

Hata hivyo ukiniuliza leo kama uweke, nitakuuliza wateja wako wana miaka mingapi. Wakiwa wa arobaini kwenda juu, mwambie fundi akuwekee ile yenye menyu chini, na asitoke mlangoni kabla hujaona vitufe vitatu kwa macho yako. Akikuita Madam, mkate ada.

Alinipigia juzi, kwa njia, kuuliza kama niko tayari aimalizie ile ya sita. Nilimwambia niko kwenye matatu.

Namba sita nimeipandisha, ni shilingi mbili kwa dakika. Wanalipa, na wanapanga foleni. Wiki iliyopita imeshika shotikati tena.