Presha kuka ya umeme ya lita 6 kwa wanaoishi ghorofani

Panda ngazi za nyuma za maghorofa mengi ya Kariakoo na utakuta kuta zimeshika masizi. Jengo zuri, limepakwa rangi, kisha mkaa wa kwenye vibaraza unalizeesha kabla ya wakati. Wengi wa wapangaji hao wana gesi ndani. Mkaa wanauwashia maharage, makande na makongoro, kwa sababu vyakula hivyo humaliza mtungi haraka. Presha kuka ya umeme inafaa hapo hasa, na ndiyo maana tunaipendekeza.

Ya lita 6 yenye wati 1,000 inatosha familia ya watu watano. Ikijifunga, joto la ndani hufika nyuzi 115 hivi, kuliko 100 za maji yanayochemka kwenye sufuria huku pwani. Nairobi tofauti ni kubwa zaidi, maana kwenye sufuria ya kawaida huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu. Presha ikishapanda, umeme hukatika na kurudi kwa vipindi vifupi, kwani ukuta wa nje unazuia joto lisipotee.

Chukua nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha, na maji lita moja na nusu. Dakika 20 hivi za kupandisha presha, 25 za kupika, 15 za kuiacha ishuke yenyewe. Matumizi ni kama nusu uniti. Kwa mteja wa TANESCO wa daraja la T1, yaani la matumizi ya kawaida, anayelipa karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo haifiki shilingi 200. Jiko la umeme la sahani lenye wati 1,500 litakula kwa urahisi uniti mbili kwa sufuria hiyo hiyo. Pweza huiva kwa dakika 15 hadi 20 na maji kidogo sana, maana hutoa yake. Tui la nazi lingoje mpaka mfuniko ufunguliwe. Ndani ya presha hukatika.

Ugali na chapati haiwezi. Anayeambiwa dukani kwamba itachukua nafasi ya jiko zima anadanganywa.

Matatizo yake yanajulikana. Mvuke ukivuja pembeni na presha ikakataa kupanda, angalia mpira wa mfuniko: umekaa vibaya, una mabaki ya chakula, au umelegea kwa uzee. Povu la maharage huziba tundu la valvu, kwa hiyo usijaze kupita nusu ya chungu, na usifungue valvu kwa haraka ukipika nafaka au kunde. Rosti nzito ya nyanya hushika chini, chombo kikapata joto kupita kiasi na kujizima. Kwangua chungu kwa mwiko wa mti, ongeza maji nusu kikombe, anza upya. Chungu cha ndani kifute kikauke kabla ya kukirudisha, kwani maji yakiingia kwenye sahani ya joto huunguza waya.

Umeme hafifu ni adui mkubwa kuliko hayo yote. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu ya wati 1,000 hubaki 610 hivi, na zile dakika 20 za kupandisha presha huwa zaidi ya 30. Wengi hudhani chombo kimeharibika. Kichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni nyembamba za bei rahisi hupata moto na kuyeyuka plagi.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana mpira wa mfuniko na chungu cha ndani vya modeli hiyo hiyo. Akisema hana, nenda duka lingine hata kama bei yake ni nzuri, kwani mpira ndio utakaochakaa kwanza na ukubwa hutofautiana baina ya modeli.